Mistari Minne ya Kijana wa Likoni

Asalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni.

Nitaanza na kijana mmoja wa Likoni niliyemfundisha. Usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, alikuwa barazani kwao na laptopu iliyokufa betri, waya wa stima umepitishwa dirishani. Alikuwa ameona kosa katika programu huria moja, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha: ukichagua Kiswahili, tarehe zinatoka kombo. Akalirekebisha kwa mistari minne, akatuma kiraka chake, yaani hayo marekebisho. Kabla ya daku jibu la msimamizi wa programu likaja: “Kama hujui kazi, usitupotezee wakati.” Kuhusu ile mistari minne, hata neno. Kijana akafunga laptopu, na hajatuma kingine tena.

Hilo linaniuma, jamani. Na msimamizi yule hajui alichopoteza, kwani mtu wa kujitolea akivunjwa moyo haagi. Hana mshahara wa kumfunga. Anapotea tu.

Najua mtaniambia Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ile programu huria ya kuendeshea kompyuta, alikuwa mkali na Linux ikasimama. Ni kweli, aliitangaza 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na leo kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, imo katika kila simu ya Android humu ukumbini. Lakini Septemba 2018 Torvalds huyo huyo aliomba radhi hadharani kwa maneno ya kuwashambulia wenzake, akakaa kando kwa zaidi kidogo ya mwezi, na mradi ukapata kanuni mpya za maadili. Toleo la Linux la 4.19 akalitoa mwenzake, Greg Kroah-Hartman. Kazi haikulala.

Nisieleweke vibaya. Kiraka kibovu kikataliwe, hata mara tano. Lakini mtazameni fundi wa jahazi: akikuta ubao umepasuka, humwita mwanafunzi, akampitisha kidole kwenye ufa, akamwonyesha kalafati itakapochomoka. Ubao hutupwa. Mwanafunzi hupewa mwingine, aanze upya.

Ubishi nao msiuogope. Julai 2018 Guido van Rossum aliachia uongozi wa Python, lugha ya programu aliyoianzisha, amechoshwa na mvutano juu ya alama moja tu, := , iliyopendekezwa katika PEP 572, hati ya pendekezo la kuibadilisha lugha hiyo. Kuchoka kwake nakuelewa, maana lawama humfika kiongozi pia. Wenzake wakachagua baraza la watu watano. Na mkishindwana kabisa, leseni inawaruhusu kuchukua msimbo mwende zenu. Waliochoshwa na mwendo wa polepole wa kuiendeleza GCC, kompaila huria inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa na kompyuta, walijitenga 1997 wakaanzisha mradi wao, EGCS. 1999 kazi yao ndiyo ikawa GCC rasmi. Kumbe waliojitenga ndio walioiokoa.

Yule kijana yupo leo, amekaa safu ya nyuma. Ile mistari minne bado anayo. Nimemwomba afungue laptopu tukishaswali alasiri. Ninyi mlio wazoefu, tafadhali msiondoke. Tuketi naye tuisome, mstari kwa mstari.