Rafiki Yangu, Punda Wangu

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanangu mliokaa mikekani hapa mbele.

Mkitoka hapa mkashika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu wa Lamu, mtapita nyumba ambayo Wajerumani waliifungua kuwa posta yao mwaka 1888. Haikumaliza miaka mitatu. Mkataba wao na Waingereza wa 1890 uliwapa Waingereza eneo la Witu, huko bara karibu nasi, na mwaka 1891 posta ikafungwa. Wala msidhani wao ndio waliotuletea barua. Huko Goa, India, zimehifadhiwa barua za Kiswahili kutoka Kilwa za mwaka 1711, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na miongoni mwa waandishi wake ni Mfalme Fatima, malkia wa Kilwa. Kuandikiana na watu wa ng'ambo ni ada yetu ya zamani.

Mimi marafiki wa kalamu niliwapata kupitia Turku, Finland. Kulikuwa na shirika pale la kuwaunganisha vijana wa nchi mbalimbali waandikiane, lilianza mwaka 1952 na likafungwa 2008. Unajaza fomu shuleni, unaandika umri wako na lugha uitakayo, kisha unangoja. Nikaletewa anwani ya binti wa Bremen, Ujerumani. Yeye akijifunza Kiswahili, mimi nikijifunza Kijerumani, tukapatana kila barua iwe nusu kwa nusu.

Neno langu la kwanza tu lilikuwa kosa. Kiswahili kina "Mpendwa", na mtu ni mtu, awe mume awe mke. Wajerumani wana "Lieber" kwa mwanamume na "Liebe" kwa mwanamke. Mimi nikamwandikia "Lieber". Barua ya pili nikamweleza kuwa shule yetu huanza "um ein Uhr", kwa kuwa kwetu ni saa moja asubuhi. Maskini akauliza kwa nini watoto wa Lamu wanasoma mchana wa jua kali, asubuhi wanafanya nini? Ikanibidi nimweleze kuwa sisi twahesabu saa tangu kuche, na saa moja yetu ni saba kwao.

Lakini swali lililonishika ni jingine, na ndilo lililonileta mbele yenu leo. Nilikuwa nimemsimulia habari za nyumbani, yeye akajibu kwa Kiswahili chake: "Umeandika *punda wangu*, kisha umeandika *rafiki yangu*. Kwa nini punda apewe *wangu*, na mimi rafiki nipewe *yangu* kama meza?"

Wallahi nilikaa na barua ile siku tatu. Kiswahili nimekinyonya, lakini jawabu sina! Nikaenda kwa mwalimu wangu mmoja mzee. Akaniambia, hebu taja watu wako wote. Nikataja: baba yangu, mama yangu, dada yangu, ndugu yangu, jirani yangu, hata adui yangu. Akasema, umesikia? Majina ya uhusiano, yale yasiyoanza kwa *m-* ya mtu kama mtoto au mwalimu, hushika *yangu*, na wakiwa wengi *zangu*. Ila kitenzi hakidanganyiki: rafiki yangu *amekuja*. Meza haiji hivyo.

Nikamwandikia Bremen kurasa nne, nikamwambia kuwa *yangu* ile haikumshusha, imemtia kundi moja na mama yangu. Nilifurahi kuliko siku nyingine yoyote ya masomo yangu, kwa sababu lugha niliyoijua usiku ule ilikuwa ya kwetu. Bila mgeni kuniuliza, ningekufa nayo kinywani bila kuitazama.

Kwa hiyo, wanangu, mkiandika msiifiche lugha yenu. Nusu yao, nusu yenu. Na wekeni nakala ya kila mliloandika, hata picha ya simu yatosha, maana masahihisho ya rafiki yako yakija baada ya wiki tano utakuwa umesahau ulisema nini.

Karatasi na bahasha ziko pale mlangoni. Anayetaka kuandika Kifaransa aje kwangu kwanza, nao wana "Cher" na "Chère".