Mhusika Wako ni wa Nani?

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, hamjambo? Kabla sijaanza: nani humu ndani aliwahi kulishika gazeti la katuni la Sani kwa mikono yake? Nyoosha mkono. Mh. Naona mikono ya wenye mvi tu, na ya yule dada mwenye kilemba ambaye nadhani alimwibia kaka yake.

Basi tuanzie hapo. Sani lilianzishwa na watu wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, mwishoni mwa miaka ya 1970. Chukua herufi mbili za mwanzo za Saidi, chukua mbili za Nico, unganisha. Sa, ni. Watu wamelisoma miaka nenda miaka rudi bila kujua kwamba jina la gazeti lilikuwa sahihi ya wenyewe. Mimi nililijua hilo nikiwa mtu mzima, na nilicheka peke yangu kwenye daladala hadi jirani akasogea.

Nilifurahi kwa sababu kabla yao katuni iliyojulikana kuliko zote nchini ilikuwa Chakubanga ya Christian Gregory, na Chakubanga makazi yake yalikuwa ndani ya Uhuru, gazeti la chama tawala. Alichekesha, alisema ya watu, wala simdharau hata kidogo. Lakini alikuwa mpangaji, na mwenye nyumba akikwambia usipige kelele, unapunguza redio. Bawji na Mbajo walijenga kibanda chao. Kibanda, sawa, lakini ufunguo walikaa nao wao.

Ndani ya kibanda hicho kulikuwa na kijana mmoja, Philip Ndunguru. Huyu ndiye aliyetupa Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Hebu yaangalieni majina yenyewe. Ndumilakuwili ni nyoka wa midomo miwili, ni mtu wa huku na huku, na kila mtaa unaye wake. Lodi Lofa hana senti mfukoni, lakini ana cheo cha Kizungu! Mhusika ukimpatia jina la namna hiyo, nusu ya kazi imekwisha kabla hujachovya kalamu kwenye wino.

Ndunguru alifariki mwaka 1986, kijana bado. Na Ndumilakuwili akaendelea kutoka. Wachoraji wengine walimpokea, tukaendelea kumsoma, na sisi watoto hatukujua kwamba kuna mtu amezikwa. Tulimjua nyoka, hatukumjua aliyemchora. Nimeliwaza jambo hilo miaka mingi, na ndilo lililonileta hapa jioni ya leo.

Mhusika wa katuni anaweza kumzidi umri aliyemzaa. Hiyo ni baraka yake. Lakini hebu jiulize, baba akishaondoka, au akishafukuzwa, mtoto anabaki kwa nani?

Mimi nilifukuzwa. Nilikuwa na mhusika wangu, nikimwita Baadaye, konda wa daladala ambaye abiria wote wakidai chenji anawajibu neno hilo moja. Gazeti moja likamchukua, jina lake tuliache. Nilimchora miaka miwili, nikilipwa kwa kipande, na malipo yenyewe, mtakisia, yalikuja baadaye. Siku moja nikaomba niongezewe. Wiki iliyofuata nikanunua gazeti kama kawaida, nikamkuta Baadaye yupo palepale ukurasa wa mwisho, shati lile, kofia ileile, lakini pua imenenepa. Mkono wa mtu mwingine. Kijana mdogo tu, nilikuja kumfahamu, tukanywa chai, hana kosa. Aliambiwa chora, akachora. Nilipokwenda ofisini kulalamika niliulizwa swali moja, "Mliandikiana wapi?" Sikuwa na karatasi hata ya kufungia karanga.

Sasa, sheria ipo. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na haki ya mchoro wako inaanza pale unapouchora, si pale unapogonga mhuri. Lakini sheria bila ushahidi ni mwavuli uliouacha nyumbani. Wekeni michoro ya penseli. Wekeni tarehe. Ukitumiwa mkataba, usome usiku ukiwa umeshiba, usiusome ofisini ukiwa na njaa.

Na msidhani ni ushamba wetu peke yetu. Vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Mia moja na thelathini, wagawane! Maisha yao yote yaliyobaki waliyamaliza wakibisha hodi kwenye mlango wa mali waliyoizaa wenyewe. Halafu mwaka 1984 wakatokea wengine wawili, Kevin Eastman na Peter Laird, wakachora kasa wanne wanaopigana karate, kwa mzaha tu. Hawakumpelekea mtu. Wakakusanya pesa za kodi walizorudishiwa, wakakopa kwa mjomba wa Eastman, wakachapa nakala kama 3,000, nyeusi na nyeupe. Hao kasa, Ninja Turtles, nyie mnawajua hadi rangi za vitambaa vyao. Rangi zilikuja baadaye, pesa zilikuja baadaye, lakini mjomba alikuwepo mwanzo. Kila mchoraji anayejitegemea duniani ana mjomba mahali fulani. Kama huna, tafuta shangazi.

Lakini aliyenifundisha zaidi hakuwa Mmarekani. Ni mtu wa Kinshasa, Papa Mfumu'eto wa Kwanza. Ndiyo, amejipa mwenyewe hilo "wa Kwanza", kama mfalme, na hapo tu nilishampenda. Wakati wenzake wanaota albamu, yaani vitabu vya katuni vya rangi, jalada gumu, Kifaransa safi, zichapwe Ulaya, yeye alichora kwa Kilingala, lugha ya sokoni, kwenye karatasi hafifu, akajichapishia, na vijitabu vyake vikauzwa mitaani na sokoni. Si kwamba albamu ni dhambi. Barly Baruti, mtoto wa Kisangani, amechora albamu nzuri mno na amestahili kila heshima. Ila albamu hiyo bei yake inamshinda mama muuza mihogo wa Kisangani hiyohiyo.

Mwaka 1990 Mfumu'eto akatoa kijitabu cha nyoka. Nguma, kwa Kilingala, ni chatu. Mwanamume amevaa vizuri, anamchukua mwanamke. Wakiwa faragha yule bwana anageuka chatu, anammeza mwanamke mzima mzima, halafu anatapika. Anatapika noti! Nyie mnacheka kwa sababu mnazijua habari hizi. Tajiri fulani ana nyoka chumbani, nyoka anatema hela. Kuna nani hapa hajasikia? Kinshasa ilikuwa na uvumi wa aina hiyohiyo, na Mfumu'eto hakuutafutia mbali, aliuokota barabarani akaurudisha barabarani ukiwa na picha. Na kumbukeni mwaka wenyewe. Mwezi Aprili 1990 Mobutu ametangaza kufungua mlango wa vyama vingi, watu wana njaa, na tajiri anayekula watu akatoa pesa kila msomaji alimjua kwa jina. Kwenye kijitabu jina hilo halikuhitajika.

Mwaka 2015 kazi zake zilitundikwa Paris, kwenye maonyesho ya sanaa ya Kongo ya Fondation Cartier. Zilifika Ulaya, lakini zilipita sokoni kwanza.

Nilichokiona kwa mzee huyu ni kwamba uhuru wa mchoraji hauko kwenye kalamu peke yake. Unaweza kuchora chochote unachotaka chumbani kwako, nani atakuzuia? Shida ni njia ya kutoka chumbani hadi kwa msomaji. Anayeishika njia hiyo ndiye anayekupangia. Kenya mwaka 2010 ilianza Shujaaz, hadithi za picha kwa Sheng, zikigawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa. Njia ya akili kweli, yule aliyewaza vibanda mpeni soda. Ila cha bure kina mlipaji wake, na mlipaji ana ujumbe wake. Simlaumu, nasema tu ujue umepanda gari la nani.

Leo njia nyingine ni simu. Mnaiita mitandao, mimi naiita kibanda cha magazeti kisicho na mwenye kibanda unayeweza kugombana naye. Unaweka fremu nne, watu elfu kumi wanacheka, anayelipwa ni mwenye kibanda. Itumieni, lakini jina lako liwe ndani ya mchoro, si pembeni mahali pa kukatika. Wakatao wapo, wengine ni binamu zenu.

Habari ninayoipenda ya miaka ya karibuni ni ya Kugali, kampuni ya hadithi za picha. Hamid Ibrahim, Mganda, na Wanaigeria wawili, Tolu Olowofoyeku na Ziki Adeola. Walichapa mkusanyo wa hadithi za picha za Kiafrika kwa michango ya wasomaji wenyewe. Mwaka 2019 BBC ikawahoji, na wakatamba kwamba wao wataichapa Disney bakora huku Afrika. Majigambo ya vijana, sivyo? Disney wakasikia, wakawapigia simu. Mwaka 2024 ikatoka Iwájú, mfululizo wa katuni unaohusu Lagos ya kesho. Mwandishi mmoja akaiandika kama hadithi ya bahati. Bahati gani? Simu ilipolia walikuwa wameshachapa vitabu, na wasomaji walikuwa wameshatoa mifukoni mwao kuvilipia. Hawakwenda kuomba kazi ya kuchora pua za watu wengine.

Naona mwenyeji wangu anaangalia saa. Haya, maneno yatoshe, kila mtu achukue karatasi moja ya A4 hapo mezani. Moja, si tatu, wewe kijana. Ikunje katikati. Tena. Tena. Fungua: una vyumba nane. Sasa ikunje nusu kwa upana, kata kwa mkasi kutoka kwenye mkunjo, chumba kimoja tu, usipitilize. Ifungue, ikunje kwa urefu, isukume kutoka ncha mbili hadi katikati patengane, laza kurasa. Hicho ni kitabu cha kurasa nane bila pini, bila gundi, na ukikifungua tena unakitolea fotokopi upande mmoja tu.

Msianze na jalada. Geuza ukurasa wa nane. Andika jina lako lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, andika tarehe ya leo, na chini yake jina la mhusika wako.

Mama pale nyuma, mkasi wako ukishamaliza, mpe jirani.