Kahawa ya Mikono Miwili

Asanteni. Kaeni, na nyinyi wa viti vya nyuma msihangaike kusogea mbele, harufu itawafikia hukohuko. Birika nimeliwasha kabla sijafungua mdomo, kwa sababu mhadhara wa kahawa usio na kahawa ni harusi isiyo na bibi harusi.

Aliyenialika alitaka nizungumzie njia za kupumzisha akili kwa watu wa ofisini. Nadhani alitegemea mazoezi ya kupumua. Nikamwambia najua njia moja tu: kutengeneza kahawa kwa mkono, kikombe kimoja kimoja, bila mashine. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza, "Hiyo nayo inatosha mhadhara?" Tutaona.

Nianze na mikono. Mtu wa ofisini ana vidole. Mikono anayo kwa jina tu. Tangu asubuhi anabonyeza. Anabonyeza herufi, anabonyeza lifti, anabonyeza simu, na hata kahawa yake anaibonyeza kwenye mashine iliyoko kwenye korido. Jioni muulize, leo umefanya nini? Atakujibu, "Nilikuwa bize," wala hasemi uongo, ila hana kitu cha kukuonyesha. Barua pepe ukijibu moja inazaa tatu. Ripoti ukiimaliza inakurudia na maandishi mekundu pembeni. Mradi haufi, unabadilishwa jina. Mimi niliishi hivyo miaka mingi, na kilichonichosha hakikuwa wingi wa kazi. Ni kwamba hakuna hata moja iliyokuwa inaisha.

Kahawa hii inaanza, inaendelea, inaisha, na mwisho wake unaunywa. Dakika kumi kwa jumla, pamoja na kuosha vyombo.

Tazameni kinu hiki. Mkono wa kushoto unashika mwili wake, wa kulia unazungusha mpini. Leo nasaga gramu 15, na zitachukua dakika moja hivi, pengine mbili, kwa kuwa kahawa hii imekaangwa kidogo na punje zake bado ni ngumu. Iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi husagika upesi kwa sababu imekauka na kuwa dhaifu. Sasa angalieni: mikono yote miwili ina kazi, na mkono wa tatu sina. Simu ikilia, italia. Sikukinunua kinu cha mkono kwa hekima yoyote. Cha umeme kilinishinda bei. Baada ya wiki kadhaa ndipo nilipogundua, kwa aibu kidogo, kwamba dakika za kusaga ndizo pekee katika siku yangu nzima ambazo niko macho na sijashika simu.

Kuhusu vinu niseme moja tu. Vile vyenye kisu kinachozunguka kama feni havisagi, vinakatakata. Unapata vumbi na mawe katika mkupuo mmoja, vumbi linatoa uchungu na mawe hayatoi kitu. Tafuta chenye visagio viwili vya meno vinavyosagana, ambacho unaweza kukaza au kulegeza. Kama fedha ni za kitu kimoja, ziweke hapo. Mengine yote yanaweza kuazimwa jikoni.

Hii koni ya kuchujia na karatasi yake ina historia ninayoipenda. Mwaka 1908, mjini Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz alichoshwa na mashapo kwenye kikombe na uchungu wa kahawa ya wakati ule. Akachukua chombo cha metali, akakitoboa matundu kwa msumari, akatandika ndani karatasi ya kufyonzea wino aliyoichomoa kwenye daftari la shule la mwanawe. Akatia kahawa, akamimina maji ya moto. Basi. Mwaka huohuo akasajili haki ya uvumbuzi wake na kuanzisha kampuni, na kampuni yenye jina lake ipo hadi leo. Huwa nawaza juu ya huyo mtoto alivyomweleza mwalimu kuhusu daftari lake.

Baada yake alikuja Peter Schlumbohm, mkemia mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani. Mwaka 1941 alitoa chombo cha kioo kilichobanwa kiunoni na kufungwa mkanda wa mbao, Chemex, ambacho leo kimewekwa kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa, New York. Mwaka 2005 Alan Adler, mhandisi aliyejulikana kwa kutengeneza kisahani cha kurusha hewani, akatoa bomba la plastiki la kusukumia kahawa, AeroPress. Mama wa nyumbani, mkemia, mtengeneza vitu vya kuchezea. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mpika kahawa kwa kazi yake. Kwa hiyo wahasibu mlioko hapa, msiogope.

Birika limezima. Naliacha wazi kwa nusu dakika lipoe kidogo. Maji tunayotaka yawe kati ya nyuzi 90 na 96 hivi. Anayeishi nyanda za juu hana haja hata ya kusubiri, maana kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji yenyewe huchemka yakiwa kama nyuzi 95. Kwanza nailoanisha karatasi, nayamwaga hayo maji, maana yanabeba ladha ya karatasi na hakuna aliyekuja kunywa karatasi. Halafu kahawa ndani, naitikisa ikae sawasawa, koni juu ya kikombe, kikombe juu ya mizani. Gramu 15 za kahawa kwa gramu 250 za maji, yaani gramu 60 kwa lita. Na maji yenyewe yasiwe na harufu ya klorini, kwa sababu kikombe hiki ni zaidi ya asilimia 98 maji. Mtu anahangaika na aina ya kahawa miezi sita, kumbe shida iko kwenye bomba.

Mmiminio wa kwanza ni mdogo, gramu 45 tu, kuilowesha. Wa mbele mnaona? Inaumuka kama unga uliotiwa hamira. Wakati wa kukaangwa, kahawa huzalisha hewa ya kaboni dioksidi ambayo nyingine hubaki ndani ya punje, na sasa maji ya moto yanaifukuza. Kahawa iliyokaa muda mrefu haiumuki, inalala tu kama matope. Hewa hii isipotoka kwanza, itayazuia maji kuingia. Kwa hiyo tunangoja sekunde 40. Hakuna cha kukoroga, hakuna cha kuongeza, hakuna cha kuharakisha. Tungoje pamoja.

(Hapa ukumbi ulinyamaza.)

Haya, zimefika. Zilikuwa ndefu, sivyo? Kuna bwana mmoja upande wa dirishani ametoa simu akaangalia. Simtaji. Lakini mnaona ninachosema. Sekunde 40 za kutofanya lolote zinatuuma kama kiatu kipya, na ndizo nilizokuja kuwauzia. Mtu akikuambia "pumzika, tulia" hujui uanzie wapi. Kahawa inakupa sababu ya kusimama pale, unatazama kitu kinapumua, na mtu akikuuliza unafanya nini, jibu unalo.

Sasa namimina taratibu, kwa duara, kutoka katikati kwenda nje na kurudi. Nafika gramu 150, nangoja yashuke kidogo, namalizia hadi 250. Mdomo wa birika hili ni mwembamba na mrefu kama shingo ya korongo, unasaidia, lakini nilianza na birika la kawaida na mkono wenye adabu.

Ndani ya koni kuna ugomvi wa methali mbili. Ya kwanza mnaijua, haraka haraka haina baraka. Maji yakipita mbio yanabeba uchachu tu, kwa sababu asidi ndizo zinazotangulia kutoka. Utamu unafuata nyuma, na uchungu ndio wa mwisho kuaga. Ukikatisha mapema unapata kikombe kikali cha kukunja uso. Lakini kuna methali ya pili: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Maji yakikwama dakika tano, sita, yanakokota kila kitu, uchungu na ukakasi wa kukausha ulimi. Kahawa iliyosagwa inaweza kuyeyuka kiasi cha asilimia 30 hivi ya uzito wake, nasi tunataka 18 hadi 22 tu. Kilichobaki kinatupwa na mashapo bila majuto. Kwa kipimo hiki, dakika tatu hivi ndizo za amani kati ya methali hizo mbili. Zikipungua sana, kesho saga laini zaidi. Zikizidi sana, kesho legeza kinu. Badilisha kitu kimoja kwa siku, ukibadilisha vitatu hutajua kipi kimekuponya.

Nimesema kesho. Hilo neno nililichelewa sana kulielewa, na hapa niwaambie upumbavu wangu. Mwezi wa pili wa kahawa yangu nilifungua jedwali kwenye kompyuta. Tarehe, uzito, joto la maji, muda wa kila mmiminio, alama ya ladha kati ya 1 na 10. Nikachora grafu. Nikajiwekea lengo la wastani wa 8 ifikapo mwisho wa mwezi. Asubuhi moja nikapata kikombe cha 6, nikaenda kazini nimenuna, nimejikasirikia kama nimekosa mteja. Mke wangu akaniambia, "Sasa hata kahawa umeiandikia ripoti?" Nikalifuta jedwali siku ileile. Wengine hupenda kuandika na hawadhuriki, nawajua. Lakini mtu wa ofisini ana ugonjwa wake, kila anachokigusa anakigeuza kazi. Kikombe kibaya ni kikombe kibaya. Unakinywa, au unakimwaga, unaendelea na siku.

Ugonjwa wa pili ni vifaa. Huu unaingia usiku, umelala na simu kifuani, unatazama birika lenye kioo cha kuonyesha joto. Nilifika mahali nina koni nne na mdomo mmoja. Kinu, koni, karatasi na mizani ya jikoni vinatosha mwaka mzima. Nafuu yangu ilikuwa kugawa tatu kwa jamaa, nao sasa wananipigia simu saa moja asubuhi kuuliza mbona inachacha.

Naona mkono. Ndiyo, dada yangu. Anauliza, mashine nzuri si inatoa kahawa ileile, tena bora? Inatoa. Zipo zinazomimina kwa usahihi kuliko mimi, tena bila kusahau siku hata moja. Kama shida yako ni kahawa, nunua mashine, sitakukataza. Mimi shida yangu ilikuwa zile dakika, na mashine inaniokoa nazo, inanirudisha mezani mapema zaidi, ambako ndiko nilikokuwa nakukimbia.

Na kwa ofisini je? Inawezekana, kwa adabu. Saga nyumbani usiku ikibidi, ladha itapungua kidogo lakini kinu hakitamkera jirani yako wa meza. Au saga kwenye chumba cha chai, si katikati ya kikao. Mashapo yaende kwenye pipa pamoja na karatasi yake, kamwe yasiende kwenye sinki. Na ujiandae: siku ya kwanza watakucheka, ya tatu watanusa, wiki ijayo mtu ambaye hamjawahi kusalimiana atasimama mlangoni na kikombe chake mkononi. Hapo utaamua mwenyewe kama bado unapumzika.

Saa nayo ni jambo. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini, ile inayofukuza usingizi, bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni bado kina nusu yake unapokaribia kulala. Mjamzito hukaa nayo mwilini muda mrefu zaidi, na apunguze kwa ushauri wa daktari. Aina ya kahawa iitwayo robusta ina kafeini karibu mara mbili ya aina nyingine, arabika, wapenzi wa kahawa kali mlijue hilo. Mimi baada ya chakula cha mchana nasaga ile iliyoondolewa kafeini. Ndiyo, mnacheka. Mkono haujui tofauti, mpini unazunguka vilevile.

Imekwisha kudondoka. Dakika tatu na sekunde kumi, tusiandike popote. Mnaona mashapo yamekaa tambarare, hayakupanda upande mmoja? Maji yalipita sawa. Naiacha kahawa ipoe kidogo kabla ya kuonja, kwa sababu ulimi uliochomeka hauonji, na kahawa hii hubadilika inavyopoa. Utamu wake hujificha kwenye moto.

Kikombe ni kimoja, nyinyi ni zaidi ya arobaini. Lakini pale pembeni nimeweka vinu vitatu na kahawa ambayo haijasagwa. Bwana wa dirishani, hebu weka hiyo simu mezani uje uanze na wewe.