Kisima Kilikuwa Kimeshasema

ZAWADI: Karibuni tena. Leo tunaugusa utetezi unaosikika kila kisima cha mafuta kinapolipuka baharini: ilikuwa ajali, hakuna ambaye angeijua kabla. Kaka Musa, najua wewe huukubali.

MUSA: Hata kidogo, dada. Chukua Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimbia mafuta baharini, Ghuba ya Meksiko, 20 Aprili 2010. Wafanyakazi 11 walikufa, na kisima ulichokuwa ukikichimba, Macondo, kikamwaga mafuta kwa siku 87. Lakini saa chache kabla ya mlipuko, kisima chenyewe kilikuwa kimeshasema.

ZAWADI: Unazungumzia kile kipimo cha presha?

MUSA: Ndicho. Walitaka kujua kama saruji ya chini ya kisima imeziba, mafuta na gesi visipande. Unafungulia bomba mpaka presha ishuke hadi sufuri, unafunga, unangoja. Ikibaki sufuri, saruji imeshika. Pale kila wakifunga presha ilipanda tena, hadi pauni 1,400 kwa inchi ya mraba. Yaani huko chini kuna kitu kinasukuma!

ZAWADI: Nao wakafanyaje?

MUSA: Ikatolewa nadharia kwamba ni uzito tu wa tope la kuchimbia lililo juu ya kisima. Wakahamia kupima kwenye bomba jingine jembamba, hakikutoka kitu, wakapitisha. Mabomba mawili, kisima kimoja, moja lasoma 1,400 na jingine sufuri, na kazi ikaendelea.

ZAWADI: Wapo watakaosema ni kosa la waliokuwa zamu.

MUSA: Hicho ndicho kisingizio kinachoniuma zaidi, kwa sababu kinawabebesha watu wa zamu mzigo wa ofisi. Hesabu za Halliburton, kampuni iliyoweka saruji, zilitaka vishikizo 21 vya kulikalisha bomba katikati ya shimo, ili saruji izunguke vizuri. BP, wenye kisima, wakaweka 6. Asubuhi ya siku ileile, mafundi walioletwa kuikagua saruji walirudishwa nchi kavu bila kupima chochote. Kazi ilikuwa nyuma ya ratiba kwa zaidi ya mwezi.

ZAWADI: Halafu wakaanza kutupiana mpira. Mei 2010, mbele ya Seneti ya Marekani, BP wakalaumu vali kubwa ya Transocean, wenye mtambo, iliyoshindwa kukifunga kisima, Transocean wakasema mwenye kisima ni BP, Halliburton wakasema wao walifuata mpango wa BP. Mwaka 2014 Jaji Carl Barbier akawagawia lawama: BP asilimia 67, Transocean 30, Halliburton 3. Kwa BP akasema ni uzembe mkubwa.

MUSA: Na wasituambie halikuwahi kutokea. Agosti 2009, miezi 8 tu nyuma, kisima cha Montara kilifumuka Bahari ya Timor, na saruji mbovu ikawa miongoni mwa sababu. Mwaka 1979, kwenye ghuba hiyohiyo, kisima cha Ixtoc I kilivuja zaidi ya miezi 9. Walikishushia kofia kubwa ya chuma, ikashindwa. Macondo nako wakashusha kofia, ikashindwa.

ZAWADI: Mimi naongeza takwimu. Mwanzoni ulimwengu uliambiwa yanavuja mapipa 1,000 kwa siku, kisha 5,000. Wanasayansi wa serikali walipopima, wakakuta zaidi ya 50,000.

MUSA: Na Marekani faini ya mafuta yaliyomwagika baharini huhesabiwa kwa pipa. Sasa niambie, kwa nini tuendelee kupokea makadirio ya kwanza kutoka kwa atakayelipa?