HbA1c yako 6.2? Subiri kwanza, ndugu yangu wa Kigoma

Shikamoni wazee. Vijana wa Ujiji, Mwanga, Kasulu na Kibondo, mambo? Leo ni kipimo kimoja tu: HbA1c, kile mnachokiita sukari ya miezi mitatu. Huku Marekani kinatumika kila kona, na huko nyumbani kinazidi kuenea.

Sukari hunata kwenye himoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe huishi siku kama 120, hivyo mashine inasoma kilichonata kwa muda huo. Kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Sasa, hesabu hiyo inadhani kila chembe itamaliza siku zake. Ikifa mapema haipati muda wa kukusanya sukari, na jibu linashuka, wakati sukari yenyewe haijapungua hata kidogo.

Ndipo G6PD inapoingia. Ni kimeng'enya kinachoilinda chembe nyekundu isife mapema, na upungufu wake umeenea zaidi pale malaria ilipokaa vizazi na vizazi. Jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja, basi akiirithi yenye hitilafu hana ya akiba.

Mwaka 2017 utafiti wa watu karibu 160,000 ulionyesha kuwa aina moja ya hitilafu hiyo, waliyo nayo takriban 11 kati ya kila Wamarekani weusi 100, hushusha HbA1c ya mwanamume kwa wastani wa 0.81. Piga hesabu: 7.0 yake halisi inasomeka 6.2. Anaambiwa ajihadhari na soda, anarudi kwenye mgebuka wake, na kisukari kinaendelea kumla macho na figo.

Mbona ilichelewa kuonekana? Kwa sababu hadi 2016, watu wapatao 81 kati ya 100 kwenye tafiti kubwa za jeni walikuwa wa asili ya Ulaya, na kwao hitilafu hiyo ni adimu mno. Mradi wa All of Us wa hapa Marekani ulijaribu kurekebisha: 2024 ulichapisha jenomu (ramani nzima ya jeni za mtu) 245,388, na asilimia 77 ni za watu wa makundi yaliyokuwa yakiachwa nje. Ni jambo jema, ila tusidanganyane. Mizizi ya Wamarekani weusi ni zaidi Afrika Magharibi. Damu yao haiwezi kumjibia Muha wala Mmanyema.

Basi ufanyeje? Kama kipimo cha kidole kinakuonyesha 11 au 13 mmol/L mara kwa mara na HbA1c inasema asilimia 6.1, usiifurahie hiyo 6.1. Omba sukari ya kufunga: saa 8 bila chakula, maji tu, hata chai ya rangi isiyo na sukari iache. 7.0 mmol/L na kuendelea ni kisukari, na kama huna dalili hurudiwa siku nyingine.

Hapo nako kuna mtego, na ndio unaowaponyoka wengi. Damu ikikaa mezani kwenye chupa ya kawaida, chembe zenyewe zinakula sukari, kama asilimia 5 hadi 7 kila saa. 7.4 ikisubiri saa mbili inakuwa kama 6.5, na umeshapita salama bila kustahili. Chupa ya kifuniko cha kijivu yenye floridi inasaidia, lakini floridi nayo huchukua saa moja au zaidi kushika kabisa. Kwa hiyo sampuli iwekwe kwenye barafu, au izungushwe mashineni mapema ili chembe zitengwe na majimaji ya damu.

Mwenye sikoseli kamili asipimwe kwa HbA1c kabisa. Aliyeongezewa damu asubiri miezi mitatu. Upungufu wa madini ya chuma wenyewe huvuta jibu juu, kinyume kabisa.

Na wakija watafiti kuomba damu yenu kwa ajili ya jeni, msiwafukuze, tunawahitaji. Waulizeni tu kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), damu itahifadhiwa wapi, itatumika kwa utafiti mwingine au la, na ukibadili mawazo unampigia nani. Majibu hayo yawe kwenye karatasi ya Kiswahili, na nakala moja ubaki nayo.