Mbwa, nyoka na siku saba za kunyamaza

Jamani, hili nimelisema kila ukumbi nilioitwa na leo nalirudia, kwa sababu bado kuna watu wanakuja kuniambia ile hadithi ya Wenye Hekima Saba wa Roma ikisimuliwa kwa Kigaeli, lugha ya asili ya Ayalandi, si fasihi ya Waayalandi, ni tafsiri tu. Hiyo "tu" ndo inanikera.

Kisa chenyewe mnakijua. Mtoto wa kaizari kasingiziwa na mama wa kambo na hawezi kujitetea, maana nyota zimesema akifungua mdomo kabla ya siku saba atakufa. Kila siku anakaribia kunyongwa, mwenye hekima mmoja anatoa hadithi anamzuia kaizari, usiku mama wa kambo naye anatoa yake, kaizari anageuka tena.

Sasa msikilize ya mwenye hekima wa kwanza. Bwana mmoja kaenda kwenye michezo ya farasi na mikuki, mtoto mchanga yuko kitandani kwake, mbwa kalala pembeni, mayaya wametoka kuangalia michezo. Nyoka anatoka ukutani. Mbwa anamrukia, wanapigana mpaka kitanda cha mtoto kinapinduka, damu chumba kizima. Mayaya wanarudi, wanaona damu, hakuna hata mmoja anayeinama kuinua kile kitanda! Wanapiga kelele mbwa kamla mtoto. Bwana anaingia, mbwa anamkimbilia kumlaki mkia unapiga, na yeye anamkata kichwa. Ndo anainua kitanda: mtoto mzima, nyoka vipande vipande.

Kule Wales, kijiji cha Beddgelert, kuna kaburi la mbwa wa kisa hiki hiki, watu wanaenda wanalia. Walie, ila ukikitoa kisa ndani ya kile kikubwa kinabaki huzuni peke yake. Humo ndani anayesikiliza ni baba aliyekwisha kutoa amri mwanae anyongwe, anaambiwa inua kitanda kwanza. Mtu akisimulia kwa Kigaeli akaulinda huo mpango, akajua usiku upi unamjibu mchana upi, kafanya kazi ya msanii.

Utaniambia haikuzaliwa Ayalandi. Na Roma je, ilizaliwa Roma? India, badala ya mbwa ni nguchiro. Kwa Waarabu wenye hekima ni mawaziri saba na wamo ndani ya Alfu Lela Ulela. Ikapita Kilatini, ikapita Kiingereza, vikawa vijitabu vya bei rahisi ambavyo watoto wa Ayalandi walijifunzia kusoma kwenye shule za vichakani, yaani za kujificha, maana sheria ya 1695 ilimkataza Mkatoliki kufundisha shule. Mwingereza naye kaipokea kwa mwenzie, mbona yake hamuiti tafsiri tu?

Na nyie wenyewe: Kima na Papa, ile ya moyo ulioachwa mtini, mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapa 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, na humo humo kima akiitwa ashuke anamjibu papa kwa kisa cha punda wa dobi, hadithi ndani ya hadithi, na asili yake India. Nani hapa atasema kima si wetu?

Nilitaka kuwaelezea na hadithi ya vita vya Troya, Waayalandi waliiweka kwenye lugha yao tangu karne ya 10, ila naona naonyeshwa saa. Basi msimulizi mmoja tu, Seán Ó Conaill wa Kerry huko Ayalandi, mkulima na mvuvi, alifariki 1931. Uzeeni wasikilizaji walikuwa wamepungua, akaogopa hadithi zisimtoke. Akitoka sokoni, anapanda mlima taratibu nyuma ya farasi wake wa kijivu, watu walikuwa wanamsikia anazisimulia kwa sauti, analiambia gari la farasi.