Kelele Zitaondoka na Mkandarasi, Maji Yatabaki

Mhadhara kwa wakazi wa Mtwara waliopakana na mradi wa nyumba, uliotolewa na bwana afya mstaafu

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, akina mama, vijana, mwenyekiti wetu wa mtaa, asanteni kwa kuja, hasa msimu huu wa korosho ambapo nusu ya watu waliotakiwa kusikia maneno haya wako shambani.

Nianze na hiyo hiyo korosho. Viwanja vikubwa katika mji huu vinasafishwa lini? Oktoba, Novemba. Tingatinga linaingia wakati wenye nyumba wako Newala, Tandahimba, Nanyamba wanaokota korosho, na mjini kaachwa bibi na wajukuu. Mnarudi na hela ya mnada mnakuta miembe imelala, kifusi kimemwagwa, kamba za msingi zimevutwa. Sisemi wanawavizia. Mjenzi naye anakimbizana na mvua. Ila matokeo kwenu ni yale yale: mambo makubwa yanaamuliwa mkiwa hampo, mnarudi kugombana na mambo madogo.

Wengi mmeshanisikia nikilisema hili kwenye vikao vya kata, barazani, hata msibani, na nitalisema tena mpaka lieleweke. Mradi wa nyumba ukija jirani yenu unaleta kero za aina mbili. Kuna kero zinazoondoka na mkandarasi: kelele, vumbi, malori, vijana wa kambini. Na kuna kero zinazobaki baada ya rangi kukauka na watu kuhamia: maji na njia. Sisi hasira zetu zote tunazimalizia kwenye zile za kwanza. Zikija za pili hatuna nguvu, hatuna karatasi, na wa kumshika hayupo.

Kuna mama mmoja, jina lake nalihifadhi, anauza ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Nyumba yake iko mteremkoni, na juu yake palikuwa na shamba la mikorosho mikongwe. Shamba likauzwa, zikaanza kujengwa nyumba za kuuza. Miezi ya mwanzo mtaa mzima ulilia na mashine ya zege, siku nyingine ikiunguruma mpaka saa sita usiku. Vumbi la malori lilikuwa linatua kwenye ming'oko yake, wateja wakahama. Watu wakaandika barua, wakaweka saini. Mkandarasi, nampa haki yake, alikuwa muungwana. Akaleta gari la maji likawa linamwagia barabara asubuhi na jioni. Mashine ikawa inazimwa saa mbili usiku. Mtaa ukafurahi, ukaandika barua nyingine ya kushukuru. Ya kushukuru, ndugu zangu, yenye mhuri wa mtaa!

Katika siku zile zile za shukrani, kiwanja cha juu kilikuwa kinainuliwa. Lori baada ya lori la kifusi, kinashindiliwa, kinaongezwa, mpaka sakafu ya nyumba ya mwisho ikawa sawa na dirisha la yule mama. Ukapandishwa ukuta wa tofali kuzunguka eneo lote. Na chini ya ukuta, upande wa bondeni, fundi akaacha tundu akapitisha bomba la plastiki la inchi nne. Bomba lile lilitazama moja kwa moja mlango wa jiko lake. Kila mtu alipita akaliona. Watoto walikuwa wanachomekea vijiti. Hakuna aliyeuliza ni la kutoa nini, kwa sababu kiangazi chote lilikuwa halitoi kitu.

Mvua ya Desemba ikaja usiku. Nilifika asubuhi. Ukutani chumbani mwake kulikuwa na mstari wa tope, juu kidogo ya goti langu, umenyooka kama uliopigwa na pima maji ya fundi. Godoro limenyonya. Unga wa watoto umekuwa uji ndani ya mfuko. Choo cha shimo kimefurika, na kilichokuwemo kimetembea uani mpaka kwenye kisima cha jirani. Mtu wa afya akifika mahali pale haoni tena mvua. Anaona kuhara, anaona kipindupindu. Kisima tulikifunga siku ile ile.

Akaanza kuzunguka. Mkandarasi alikwisha kabidhi kazi, yuko mkoa mwingine. Mwenye mradi akasema nyumba zimeuzwa, waoneni wenyewe. Walionunua wakasema sisi tumenunua nyumba, ukuta tumeukuta, na hawakusema uongo. Akaenda ofisini, akaulizwa: wakati wa ujenzi mlilalamikia nini? Faili likafunguliwa. Ndani yake kulikuwa na barua mbili tu, ya vumbi na kelele, na ya kushukuru.

Sasa nipeni dakika niwapigie hesabu, na naomba vijana mliosoma mnisahihishe papo hapo nikikosea. Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Mvua ya milimita 50, ambayo ukanda huu wa pwani tunaweza kuipata kwa siku moja, inamwaga kwenye ekari hiyo lita 200,000. Chukueni ndoo ya lita 20 mnayoijua. Ni ndoo 10,000. Kwa ekari moja!

Zamani ndoo hizo zilianguka juu ya mikorosho, majani yakazipunguza kasi, mchanga wetu ukazinywa. Kilichobaki kikashuka taratibu kwenye kijimkondo ambacho wazee wanakijua na watoto wanachezea. Leo pale juu pana bati, zege, na vitofali uani. Bati halinywi maji. Zege halinywi maji. Udongo ulioshindiliwa na mashine nao hunywa kidogo mno. Kwa hiyo ndoo zile zinashuka, zinashuka kwa haraka, na ukuta unazikusanya kuzileta mahali pamoja. Aliyeamua mahali hapo pawe wapi ni fundi mwenye bomba, mchana mmoja, bila kikao.

Najua yupo anayesema moyoni, mzee, mvua za namna hiyo haziji kila mwaka. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliposhuka Cabo Delgado, Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma, sisi Mtwara tulikuwa tumeambiwa tuhame mabondeni. Kiliteremka kidogo tu kusini, tukanusurika. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, abiria wakalala njiani. Lindi yenyewe ilipigwa na kimbunga mwaka 1952. Mvua haitupi ratiba, na nyumba mtakayoishi nayo jirani ni ya miaka hamsini.

Wa pili anasema, mzee huyu anapinga maendeleo. Hapana, na neno hilo linaniudhi kwa sababu linatumika kuwanyamazisha akina mama wenye hoja. Nataka nyumba zijengwe. Walimu, wauguzi, watu wa bandarini, vijana wetu wanaoanza maisha, wote wanahitaji mahali pa kulala penye choo kizuri. Mji huu ulipimwa miaka ya 1940 kwa ajili ya bandari ya ule mpango wa karanga wa Waingereza, barabara zikachorwa pana kwa mji mkubwa ambao haukuja wakati ule. Unakuja sasa. Uje. Lakini mtaro wa maji wa nyumba zile ni sehemu ya gharama za nyumba zile. Hauwi gharama ya muuza ming'oko.

Wa tatu, na huyu ndiye ninayemhurumia, anasema sisi hatuna hati, tutasemaje mbele ya mwenye kibali? Mama, baba, sikilizeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Anayeishi. Haikusema mwenye hati. Kifungu cha 81 cha sheria hiyo hiyo ndicho kinachodai tathmini ya athari kwa mazingira kabla mradi unaohusika haujaanza, na kanuni zake za 2005 zinataka wananchi watakaoguswa waulizwe. Na kibali cha kujenga ni cha kujenga. Hakimpi mtu ruhusa ya kumwagia jirani yake maji.

Basi mfanye nini? Mradi ukianza, hata kabla ya msingi, ulizeni swali moja kwa maandishi: maji ya mvua ya eneo hili yanaishia wapi? Msikubali jibu la mdomo. Wakisema yatazama ardhini, waombeni wawaonyeshe kwenye mchoro mashimo ya kunyonya maji, yako mangapi na yana ukubwa gani. Wakisema yatakwenda mtaroni, ni mtaro upi, na huo mtaro unamwaga wapi? Kama ni wa barabara ya mtaa, TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini, wanajua? Swali hilo liingie kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa, lipigwe mhuri, nakala moja halmashauri, nyingine kwa mkandarasi, ya tatu ikae kwa mtu wa mtaa asiyehamahama.

Pigeni picha kibao cha mradi leo, kingali kimesimama. Kibao kinawaambia mwenye mradi ni nani, mkandarasi ni nani, msimamizi ni nani. Kazi ikiisha kinang'olewa, na kumbukumbu yenu inang'oka nacho. Na mvua ya kwanza ikinyesha, ile ndogo ya kulainisha vumbi, msikae ndani. Tokeni na simu, mpige picha maji yanakopita, mti au nguzo ya umeme ionekane ili mtu wa ofisini ajue ni wapi. Hiyo ni karatasi yenye nguvu kuliko kelele zetu zote.

Alasiri inakaribia, nitakimbia.

Njia. Njia ya miguu ya kwenda kisimani, msikitini, shuleni, ambayo mmeipita tangu mababu, haipo kwenye mchoro wa mtu msipoisema. Ukuta ukishafungwa mtoto wa darasa la kwanza atazungukia barabara kubwa ya malori. Nilitaka kulieleza hili kwa kirefu, lakini anzeni kwa kuihesabu njia yenu pamoja na maji, kwenye barua ile ile.

Nyufa. Mashine ya kushindilia inatetemesha. Kabla haijafika, pigeni picha kuta zenu za ndani na za nje, hasa nyumba za udongo. Bila picha ya kabla, ufa wenu utaambiwa ni wa zamani.

Mashimo ya msingi yakijaa maji, mbu anahitaji kama siku 7 hadi 14 tu kutoka yai mpaka kuruka. Yasiachwe wazi hata wiki moja.

Kelele na vumbi, ndiyo, semeni. Zipo kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, na gari la maji si msaada wa mkandarasi, ni wajibu wake. Ila barua ya kelele isitoke peke yake. Isitoke bila ya maji na njia. Na ya kushukuru isubiri mvua mbili zipite.

Jumatatu saa tatu asubuhi tunakutana ofisi ya mtaa. Kila shina lilete mzee mmoja anayejua maji yalikuwa yanashukia wapi kabla mikorosho ile haijakatwa, na kijana mmoja mwenye simu ya kupigia picha. Tutatembea mpaka wote wa mradi, juu mpaka bondeni, na mwenyekiti amekubali kuja na mhuri wake. Maswali tutayachukua baada ya swala.